Kidevu na Shikamoo ya Fisi

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitikia kama mnaumwa meno. Paukwa!

Pakawa!

Haya, hapo sawa. Sogeeni motoni. Na wewe Makame, unayejipapasa kidevu tangu jana ukitafuta unywele, kaa hapa mbele nikuone.

Hapo kale, kale hasa, wanyama walipokuwa na kijiji chao na sheria zao, alikuwapo mbuzi dume mdogo, jina lake Kidevu. Waliomwita hivyo hawakukosea. Ndevu zilimwota mapema zikashuka mpaka kifuani, naye akaona basi, dunia yote ni yake.

Sheria za kijiji hicho zilikuwa nyepesi. Mtu mzima anakula barazani, anafanya kazi za kijiji, na neno lake likitoka limetoka. Mtoto analindwa, na hakubaliani jambo na mtu, mzazi wake asipokuwapo. Tena shikamoo haikuwa salamu ya mdomoni tu. Ukiitikia marahaba umekubali kuwa mkubwa, na huyo aliyekuamkia yuko mikononi mwako. Akipata madhara, unaulizwa wewe.

Kidevu alizijua zote, ila alizichagua kama mnavyochagua nyama kwenye pilau.

Siku ya karamu mama yake alimwita, "Kidevu, njoo ule jikoni na wenzio."

"Mimi mtoto? Tazama ndevu!" Akakaa barazani, akala mpaka akashindwa kuinuka.

Siku ya kusafisha kisima akaambiwa, "Kidevu, shika jembe."

"Jamani! Mimi mtu mzima? Mimi mtoto!" Akajilaza kivulini.

Karamu ikija, ndevu. Kazi ikija, utoto. Na kucheka alicheka amefumba mdomo. Kwa nini? Ngojeni, mna haraka gani?

Basi Fisi alikuwa akimtazama. Alimtazama akienda, alimtazama akirudi, alimtazama akilala, na mate yakimtoka. Asubuhi moja akamvizia njiani, akainamisha kichwa kwa adabu zote, akasema:

"Shikamoo, Mzee Kidevu."

Lo! Mzee! Fisi mwenye mvi za masikio anampa shikamoo yeye! Kidevu akavimba, akazishika ndevu, akaitikia kwa sauti nzito ya kujilazimisha:

"Marahabaaa."

"Mzee wangu, Ijumaa njoo nyumbani. Mimi kula peke yangu siwezi. Wewe ukija tu, nitakula. Unakubali?"

Nyie mmelisikia hilo neno? Nitakula! Kidevu alisikia Fisi atakula chakula. Fisi alimaanisha Kidevu ndiye ataliwa. Neno ni hilo hilo, hakuongeza hata herufi, mjanja yule!

"Nakubali," akasema Kidevu. Hakumwambia mama yake. Mzee gani anaaga kwa mama?

Ijumaa akachana ndevu, akaenda. Akakuta sufuria kubwa jikoni, maji yanatokota, vitunguu vimekatwa, chumvi ipo, ndimu ipo.

"Bwana Fisi, nyama iko wapi?"

"Imeshafika," akasema Fisi akifunga mlango. "Ndiyo hiyo inayouliza."

Mama yangu! Kidevu alipita dirishani, sijui alipitaje na lile tumbo. Mbio! Fisi nyuma! Wakaingia barazani kwa hakimu, Bi Nungunungu. Kijiji kilimchagua huyo kwa sababu hakuna aliyeweza kumkumbatia akamnong'oneza.

"Nataka haki yangu!" Fisi akafoka. Akamgeukia Kidevu. "Nilikuamkia?"

"Ndiyo."

"Ukaitikia?"

"Ndiyo."

"Nikasema nitakula, ukakubali?"

"Ndiyo, lakini mimi mtoto!"

Baraza zima likaangua kicheko. "Leo mtoto? Na kwenye karamu je?" Hakuna aliyemwamini hata mmoja. Kidevu akaanza kulia kweli kweli.

"Kimya!" akasema Bi Nungunungu, miiba imemsimama. "Anayesema ni mtoto ana haki ya kusikilizwa, tena mzazi wake akiwa kando yake. Mwiteni mama yake."

Mama Kidevu akafika na mwiko mkononi. Alipoelezwa, alishika kichwa.

"Umepokea shikamoo ya Fisi? Fisi! Mimi nilikutana naye kisimani na hata hujambo hakuniambia!"

"Lakini ana ndevu," akasema Fisi. "Mimi nimedanganywa na ndevu."

"Ndevu!" Mama akajivuta zake mwenyewe. "Na hizi je? Bibi yake alikuwa nazo! Kwetu ndevu si umri. Kidevu, fungua mdomo."

"Mama, watu wananiona."

"Fungua!"

Kidevu akatazama watu, akatazama Fisi, akakumbuka vile vitunguu. Akafungua mdomo. Meno ya utoto, madogo, meupe, yamepangana kama mchele! Ndiyo maana alikuwa akicheka amefumba. Watu walicheka mpaka wakalaliana, na Kidevu akatamani ardhi impokee.

Bi Nungunungu akasema, "Fisi, huyu ni mtoto, na makubaliano yako na mtoto ni upepo. Hata angekuwa mzee wa kutembelea mkongojo, hakuna wa kukubali kuliwa katika kijiji hiki. Ila ulisema utakula, na wewe ni mtu mzima, neno lako limetoka. Leteni majani."

Fisi akala majani, kapu zima, machozi yakimtoka.

"Na wewe Kidevu, utoto umekuokoa, haukukufutia uliyoyafanya. Umekula cha wakubwa, ukawaachia wenzako kazi. Kisima utakisafisha peke yako."

Asubuhi Kidevu alikuwa ndani ya tope mpaka magotini. Akasikia kishindo. Fisi! Tumbo limemjaa gesi, macho mekundu, na hapakuwa na mtu mwingine pale. Jembe likamponyoka Kidevu. Asingeweza kukimbia kwenye lile tope. Basi akainamisha kichwa chini kabisa, ndevu zikazama topeni, akapiga ukelele ulioamsha kijiji:

"Shikamoo, Bwana Fisi!"

Milango ikafunguka, vichwa vikatokeza kumtazama Fisi ataitikia nini. Akinyamaza, ni mkubwa gani asiyeitikia salamu ya mtoto? Akiitikia, mtoto yuko mikononi mwake. Fisi akameza mate, akacheua majani.

"Ma... marahaba," akasema.

"Basi nisaidie kutoka, nimekwama," akasema Kidevu, na safari hii akacheka mdomo wazi.

Hadithi yangu imekomea hapo kisimani, Fisi akimvuta Kidevu kwenye tope. Makame, acha hicho kidevu. Fungua mdomo tuone meno.