Ngiri na Mchezo wa Mfalme Mkoromaji

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kama hamjala? Paukwa!

Pakawaaa!

Haya, sasa mmeamka.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na ukumbi wao wa maigizo, palikuwa na Ngiri. Huyo Ngiri alitunga michezo. Akitunga wa kuchekesha, fisi wanashika mbavu. Akitunga wa kuhuzunisha, kiboko analia, bwi bwi bwi, mpaka mto unafurika.

Sifa zikaenea. Tausi akazisikia, roho ikamuuma.

"Jamani," akasema, "michezo hii ina wafalme, ina malkia, ina siri za jumbani. Huyu mchimba mizizi azijulie wapi? Mtazameni! Pua matope, magoti matope!"

"Kweli," wanyama wakasema. "Basi katunga nani?"

Tausi akakunjua mkia. Fyaaa! "Mimi sipendi kujisifu."

Wakafuta jina la Ngiri mlangoni pa ukumbi, wakaandika la Tausi. Ngiri akarudi shimoni kwake. Kula hali, kulala halali. Akatunga mchezo mpya, akaupeleka ukumbini bila jina.

Siku ya maonyesho Simba akaja na mkewe. Nyani akaigiza mfalme aliyelala. Khoroooo, fyuu! Khoroooo, fyuu! Pazia likaanguka. Wanyama wakacheka, wakacheka, wakanyamaza ghafla. Simba amesimama!

"Nani katunga huu?"

Wote wakamtazama Tausi.

"Mimi? Mfalme wangu, mimi hata barua siwezi kuandika! Ni Ngiri! Yote ni ya Ngiri, tangu ule wa kwanza!"

Ngiri alikuwa nyuma kabisa, anatetemeka, tetetete. Angeweza kutoroka. Hakutoroka.

"Ni wangu, Mfalme."

"Umejuaje ninavyokoroma?"

"Mizizi mitamu iko nyuma ya pango lako, Mfalme. Nachimba pale kila adhuhuri, wewe ukiwa umejipumzisha."

Mara Mama Simba akaangua kicheko. "Kwa kwa kwa! Mume wangu, miaka yote unaniambia naota! Leo nimepata shahidi!"

Simba akajikuna shingo. Akajaribu kununa, akashindwa, akacheka naye.

Siku ile ile jina la Ngiri likarudi mlangoni. Na Tausi? Akapewa kazi ya kufagia jukwaa, kwa mkia wake mwenyewe. Fyaa, fyaa.

Basi, wadogo kwa wakubwa: usimdharau mtu kwa alikotoka, ukampa mwingine sifa ya kazi yake.

Hadithi yangu imeishia hapo. Anayesema si mimi niliyeitunga, asimame tumwone!