Mama Mkwe wa Nesi Sikudhani

Dokta Mchomvu, mwenye hospitali, maneno yake yaligeuka asali kila alipotaka kumwongezea mtu zamu. Ijumaa alimkamata Nesi Sikudhani mlangoni, mkoba begani.

"Kesho na keshokutwa uingie kazini, nesi."

"Dokta, wiki ya tatu hii sijapumzika. Na kesho mama mkwe anakuja. Nani atampokea?"

"Sisi hapa ni familia moja! Familia haikosi wa kumpokea mgeni."

"Umenena, dokta," alisema Sikudhani, akaenda zake.

Jumamosi asubuhi, Mchomvu akiwa amejinyoosha sebuleni kwake, aliingia bibi mmoja na mkeka, kuku wawili na bakora.

"Mkwe wangu yuko zamu. Kasema familia yake ndiyo ninyi. Chai yangu tia tangawizi, uji uwe wa ulezi. Na hebu nipishe kwenye kochi, baba."

Adhuhuri haijafika, simu ililia wodini.

"Nesi, njoo umchukue mkweo!"

"Niko zamu, dokta."

"Zamu naishika mwenyewe! Kapumzike!"

Sikudhani alikwenda kumchukua bibi kwa dokta, wakaondoka kwa adabu mpaka wakakata kona. Hapo yule bibi, Bi Nyamizi, mkunga mstaafu, alicheka hadi bakora ikamponyoka.

"Familia gani hiyo, mwanangu, isiyojua kwamba hujaolewa?"