Wifi ni Mzigo

Nyumba waliyoikodi kwa likizo mshonaji mmoja, mumewe na dada wa mumewe ilipendeza kuliko picha zake: mapazia meupe, sakafu inayong'aa, makochi ya kuzama. Kilichopungua ni mtandao. Ulikwenda mwendo wa kobe, tena kobe mgonjwa.

Siku nyingine mshonaji angecheka tu. Siku hiyo alikuwa roho mkononi. Mama yake alilazwa hospitalini, mbali na hapo, akisubiri kupasuliwa moyo, na kaka yake aliahidi kupiga simu ya video ili mama na binti waonane kabla hajaingizwa chumba cha upasuaji. Madaktari hawakuwaficha kitu. Huenda akatoka salama, huenda asitoke.

Alikuwa ameifungua kompyuta ya mumewe juu ya meza ya chumbani, apate kuuona uso wa mama vizuri. Simu iliingia. Likatokea paji la uso na nusu ya jicho, kisha picha ikaganda.

"Mwana... una..." Ikakatika.

Ikaingia tena, ikaganda tena. Vidole vilivyozoea kutunga uzi bila hata kutazama sindano sasa vilibonyeza kitufe kimoja tu, tena na tena. Mumewe alikuwa ametoka kwenda dukani. Mshonaji akachomoa simu yake mfukoni mwa gauni, akamwandikia kwa hasira: "Wifi ni mzigo mtupu. Ningejua nisingekuja." Akairudisha mfukoni bila kuitazama zaidi.

Masikini, hakujua kwamba mumewe aliisahau simu yake sebuleni, kando ya dada yake, yaani wifi wa mshonaji. Dada huyo ndiye aliyeitafuta nyumba hiyo, na ndiye aliyemwachia mshonaji chumba kizuri, yeye akalala kile cha jikoni.

Simu ya kaka ilipokatika mara nyingine, mshonaji alitoka chumbani mbio, macho yamemtoka.

"Wifi, tafadhali! Kama unatazama tamthilia, zima! Inakula mtandao wote, na mama yangu anaingizwa sasa hivi!"

Wifi aliinua uso uliolowa machozi. "Simu yangu nimeizima tangu asubuhi, ili wewe upate mtandao. Kumbe mzigo ni mimi." Akamnyooshea simu ya mumewe.

Mshonaji aliyasoma maneno yake mwenyewe, akatamani ardhi ipasuke immeze.

"Si wewe, wifi yangu! Waifai! Waifai ya nyumba!"

"Si ungeandika mtandao? Mimi na hilo dude tumegongana majina, ningejuaje?" Alisema hivyo nusu analia, nusu anacheka.

Huko chumbani kompyuta ikalia tena. Wakakimbilia wote wawili. Picha ikaganda kama kawaida yake. Mshonaji akamwangukia wifi yake kifuani, akilia kama mtoto. "Sitamwona. Wallahi sitamwona."

Wifi alimkumbatia, mara akashtuka. "Una nini hapo ubavuni? Mbona moto hivyo?"

Ilikuwa ni simu yake. Alipoichomoa aliikuta ikichemka kama pasi. Asubuhi alikuwa amepiga video za kila kona, kuanzia mapazia na bustani hadi bomba la kuogea, akamtumia kaka yake zote ili mama azione. Zilikuwa bado zinapanda, moja baada ya nyingine, na hazikuacha nafasi hata ya sauti ya mtu kupita.

"Ewe wifi!" mwenzake akasema. "Mtandao wote unatembea nao wewe!"

Mshonaji akazifuta zote. Simu ya kaka ilipoingia, picha ilifunguka wazi. Mama alikuwa amelala, kofia ya hospitali kichwani, kitanda kikisukumwa.

"Mama! Unanisikia?"

"Nakusikia. Mbona unalia? Nani kakuudhi huko?"

Mshonaji alimtazama wifi yake, kisha akainamisha macho. "Hakuna, mama. Ni mimi mwenyewe."

"Nimekuona, mwanangu. Inatosha."

Mlango ukafungwa, kioo kikabaki cheusi. Wale wanawake wawili waliketi kitandani wameshikana mikono, wakisubiri habari. Mshonaji alizililia zile dakika alizozipoteza, dakika ambazo wala mwenye nyumba wala wifi hakumnyang'anya. Hakika, kikulacho ki nguoni mwako.