Usukani wa Kulwa na Nusu ya Pikipiki

Kwa!

Mlio mmoja, usiku, kisha kimya. Haukuwa mlango wala panya darini. Lilikuwa bega la kulia la Kulwa, alipojigeuza kitandani. Asubuhi majirani walipomuuliza hali, alijibu kama kawaida yake: "Nimepona zamani."

Hakuwa amepona. Pikipiki yake kubwa, ile ya kukalia kama kiti cha sebuleni, miguu mbele, ndiyo iliyombeba na vitenge vyake kutoka mnada hadi mnada, Kahama na vijiji vya mbali. Aliinunua na pacha wake, nusu kwa nusu. Siku moja pacha aliiendesha, Kulwa kakaa nyuma, wakaanguka. Bega likavunjika, maneno makali yakatoka, na pacha akahama mtaa akaiacha nusu yake bila kuidai. Jina la pacha huyo mnalijua; kila mwenye Kulwa nyumbani kwake analijua. Ila Kulwa hakulitamka tena. Alisema "yule", basi.

Sasa vitenge vilikuwa vinalala ndani. Usukani ulikuwa chini na mbali, na kuufikia ni kulivuta bega. Kulwa akaenda dukani kununua mrefu, akauchagua kwa macho: umechanua kama pembe za dume la kutambia. Ulipofungwa, mikono ikawa juu ya mabega, kama mtu anayeanua nguo kambani. Hakufika mbali, vidole vikafa ganzi.

Ndipo akatangaza mtaani: "Atakayenitengenezea usukani wa kunirudisha barabarani, ile nusu ya yule ni yake."

Wakajitokeza watatu. Mama Nyamizi, fundi cherehani, alikuwa na jicho la kipimo. Masunga, mchomeleaji, alikuwa na mkono wa moto. Lugata, fundi pikipiki aliyehamia juzijuzi, alikuwa na sikio la injini.

Mama Nyamizi alimkalisha Kulwa kwenye pikipiki ampime. Kulwa akanyoosha mgongo, akapeleka mikono mbele kama askari.

"Unajikaza, mwanangu. Wateja wangu hubana tumbo, wewe unabana bega."

"Bega zima hilo, mama."

Mama Nyamizi akakunja futi yake, akaondoka. Aliporudi siku nyingine alikuwa na vipimo kamili: urefu, upana, na mahali viganja vinapoangukia. Hakusema amevitoa wapi.

Masunga akatafuta bomba la chuma. Akalijaza mchanga mkavu, akaziba ncha, akalichoma hadi likaiva, akalikunja polepole lisibonyee. "Kipimo ni maneno tu," alimtania Mama Nyamizi. "Dada Kulwa hawezi kushika maneno akipiga kona."

Usukani ulipofungwa, nyaya za zamani zikawa fupi. Ukikata kushoto injini inanguruma yenyewe. Ukikata kulia klachi inajivuta. Lugata akasikiliza, akatikisa kichwa, akaweka nyaya ndefu na bomba refu la breki. "Wenzangu walikutengenezea kitu cha kutundikia kofia," alisema. "Mimi nimekipa akili."

Kulwa akapanda. Mikono ikatulia chini ya mabega, viwiko vikalegea. Akaenda njia ya Isaka akarudi, na bega halikusema neno.

Aliporudi, aliwakuta wanagombana.

"Bila kipimo ungekunja nini?"

"Bila bomba si ungepima hewa, mama?"

"Na bila nyaya zangu, leo tungekuwa matangani."

Kila mmoja aliposema, Kulwa alikubali. Mwenzake alipojibu, alikubali zaidi. Kichwa kikamzunguka. Akautazama usukani, labda utamwamulia. Akaona mshikio wa kulia umerudi nyuma kuliko wa kushoto, upana wa kidole.

"Masunga, umepinda hapa."

"Sikupinda, dada. Nilikunja nilivyopewa."

"Nani alijua bega bovu ni la kulia? Mimi nimewaambia wote nimepona."

Mama Nyamizi alitazama chini. "Nguo zenu, wewe na yule, nimezikata kwa kipimo kimoja tangu mkiwa wasichana. Nilikwenda kwake. Nikamkalisha, nikamwambia afumbe macho anyooshe mikono. Wa kulia akaurudisha mwenyewe. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, 'Wa kwake huo huchoka kabla haujauma.'"

"Nani huyo?" aliuliza Lugata, mgeni wa mtaa.

Kulwa aliishika mishikio yote miwili.

"Doto," alisema.

Basi, wenzangu, mmoja alipima, mmoja alikunja, mmoja aliunga nyaya, na wote waliahidiwa. Wa nne hakuahidiwa kitu. Alikubali kupimwa mwili wake kwa ajili ya mtu asiyetaka hata kumtaja, na nusu yenyewe ilikuwa yake. Kulwa yuko juu ya pikipiki, injini inawaka, hajui aelekee kwa nani. Wewe ungeikata vipi hukumu hii?