Jino la Bibi Harusi

Wahenga walituonya kwamba kupendeza kwa nje si ushahidi wa yaliyomo ndani. Mtu anaweza kulikubali onyo hilo maisha yake yote na bado akaponzeka, kama alivyoponzeka Daktari Jacira.

Jacira alikuwa daktari wa meno katika mji mmoja wa mashamba ya miwa, jimbo la São Paulo, nchini Brazili. Katika maabara ya chuo alikuwa akitengeneza ute wa kujazia meno, ule unaogeuka mgumu ukimulikwa kwa taa. Kinachouamsha ute huo ni kemikali ya njano. Huugandisha hadi chini, lakini huacha umanjano, na siku hizi kila mtu anataka meno meupe kama maziwa. Jacira akaiondoa, akatia nyingine ambayo haiachi rangi. Ute ukatoka mweupe pepepe. Wenzake walimpongeza, naye akavimba kichwa.

Mzee Anésio, fundi wa maabara kwa miaka thelathini, hakupiga makofi.

"Binti, umekwangua chini?"

"Nimepima vidonge vya milimita moja, Mzee. Vigumu kama jiwe."

"Milimita moja hata uji unaganda! Kemikali yako inaamshwa na mwanga wa urujuani, na mwanga huo ni mvivu, hauzami. Tengeneza kidonge kinene, mulika, kisha kwangua upande wa chini."

"Mzee wangu, wewe unatetea njano kwa sababu ya meno yako!"

Maabara nzima iliangua kicheko. Mzee alicheka pia, kisha akarudi kwenye kazi yake.

Mama yake Jacira, Dona Zulmira, alikuwa na jino la mbele lililovunjika nusu na kuwa jeusi. Kila alipopanga kulitengeneza, kulikuwa na kitabu cha Jacira cha kununua. Kila Juni, katika sherehe za Mtakatifu Yohana, watu walivaa kishamba, wakajipaka jino weusi kwa mzaha na kuigiza harusi. Bibi harusi alikuwa Zulmira mwaka baada ya mwaka. "Huyu hahitaji rangi!" majirani walimtania. Alicheka nao, mkono mdomoni.

"Mwaka huu nitacheka mkono ukiwa kiunoni," alimwambia binti yake. "Nitie huo wako mweupe."

"Mama, bado haujapitishwa."

"Umeutengeneza wewe au jirani? Nitie, mwanangu."

Jacira alijua kwamba ute hutiwa tabaka jembamba moja baada ya jingine. Lakini matabaka yangeacha mistari, naye alitaka jino lisilo na doa. Akalijenga lote kwa donge moja, akamulika. Mama alipojitazama kwenye kioo, alilia kwa furaha.

Siku ya sherehe alicheza mkono kiunoni, akicheka wazi.

"Zulmira, kazi umepoteza!" jirani mmoja alipaza sauti. "Bibi harusi gani ana meno ya sinema?"

"Kufa kwa wivu!" akamjibu, akatia mdomoni kashata ya karanga, akaiuma.

Ikasikika ko! Jino likadondoka kwenye shela, na lile jeusi likabaki wazi. Uwanja mzima ulishangilia, ukidhani ni mchezo wake. "Huyo! Huyo ndiye bibi harusi wetu!"

Jacira aliliokota lile jino, akaligeuza na kulikwangua kwa ukucha. Juu lilikuwa jiwe jeupe. Chini lilitoka kama unga uliokandwa. Aibu ilimchoma, na zaidi ya aibu, huruma.

"Usilie mbele za watu," mama alinong'ona, mkono umesharudi mdomoni.

Wiki iliyofuata kisiki kilichobaki kilivimba usaha, kikang'olewa. Jacira alimsihi mama akubali kutengenezewa jingine, la ute wa njano, imara.

"Acha, mwanangu. Mkono wangu haujawahi kunivunjikia."

Hakika, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.