Mkeka wa Bi Fisi

Hodi, wenye nyumba!
— Hodi, ngano!
Nimekuja na wafu na wazima.
— Wapi wafu, wapi wazima?
Nikimaliza mtanitenganishia.
— Basi vua viatu, ukae.

Palikuwa na chama cha wanawake, huko porini, enzi za wanyama kuwa na nyumba na milango. Mkubwa wao alikuwa Bi Kobe. Bi Kanga alichambua miyaa, majani ya kusukia. Bi Karunguyeye, mwenye miiba mgongoni, mdogo kuliko wote, alishona ukili, mikanda ya miyaa iliyosukwa, kwa shazia, ile sindano kubwa ya mikeka. Mama akijifungua, walimpelekea mkeka. Mtu akifa, walimshonea mkeka wa kuzikiwa. Mtu akiugua, walimkalia kwa zamu, na mwenye zamu hufungiwa mlango pamoja na mgonjwa wake, maana ugonjwa ni siri, na siri hutaka sitara.

Siku moja akaja Bi Fisi, kajitanda kaniki nyeusi.

"Mimi mjane," akasema. "Kusuka sijui. Lakini kukaa na wagonjwa naweza."

Wakampokea kwa dua.

Bi Paa akaugua. Bi Fisi akakaa naye. Mlango, kacha! Ulipofunguliwa, mkeka mtupu.

"Amepona," akasema Bi Fisi. "Kaenda kwao."

Wanawake wakapiga vigelegele, wakamshukuru Mungu.

Mwanamize akaugua, dada yake Bi Karunguyeye. Bi Fisi akakaa naye. Mlango, kacha! Ulipofunguliwa, mkeka mtupu.

"Amepona. Kaenda kwao."

Vigelegele tena. Bi Karunguyeye naye alipiga. Akainama aukunje mkeka, akaukuta ungali na joto. Ndani ya ukili ilikuwa imenasa miiba ya mgongoni mwa dada yake, ncha zimetafunwa. Akaichomoa mmoja mmoja, akaifunga upindoni mwa nguo yake.

Haukupita muda, mama yao mzazi akashikwa na homa. Bi Fisi akaja mlangoni, akavuta pumzi ndefu ya kunusa.

"Kesho adhuhuri zamu yangu, mwanangu. Usihangaike. Nitamtazama mimi."

Bi Karunguyeye akampelekea Bi Kobe ile miiba. Bi Kobe akaigeuza kiganjani.

"Tutafanyaje, mwanangu? Sisi hatuna meno kama yake."

"Tuna shazia, bibi."

Kesho yake, jua la utosi, upepo haupo, hata nyenje wamenyamaza. Bi Fisi akaja amechana nywele. Akawakuta wanawake uani wametandaza mkeka mpana.

"Innalillahi," akasema Bi Karunguyeye. "Nyati amefariki malishoni. Mnene yule! Tunamshonea mkeka, lakini hatuna kipimo. Mwenye kimo chake hapa ni wewe tu."

"Mimi nina mgonjwa," akasema Bi Fisi, lakini udenda ukamtoka, to, to, to.

"Mgonjwa wetu kakonda, atangoja. Na desturi yetu ni hii: anayepimiwa mkeka wa maiti ndiye anayelala na maiti. Peke yake. Mlango umefungwa."

"Desturi njema hiyo!" akasema Bi Fisi. Akajilaza chali, pu!

Wakamkunjia mkeka. Shazia ikaingia, chwi! Uzi ukavutwa, krrr!

"Mbona mnaanzia miguuni?"

"Desturi, mwenzetu."

Chwi! Krrr!

"Mbona mmefika tumboni?"

"Desturi, mwenzetu."

Chwi! Krrr!

"Mbona na mikono yangu mmeishonea ndani?"

"Ah! Umepata kuona maiti kaacha mikono nyumbani?" akasema Bi Kanga.

Bi Fisi akajitikisa. Mkeka ukalia, haukupasuka, maana ulishonwa na wanawake watatu wenye misiba.

"Nifungueni! Nitaacha! Wallahi nitaacha!"

"Marehemu hasemi," akasema Bi Kobe.

Kukabaki mshono mmoja, wa kichwani. Kabla ya mshono huo, wanawake wale huwataja waliotangulia, wawaombee. Bi Kanga akataja: "Bi Paa."

"Labeka," ikaitika sauti.

Wakatazamana. Haikutoka nyumbani. Haikutoka nyuma ya ua. Ilitoka tumboni, ndani ya mkeka, na Bi Fisi mwenyewe akatumbua macho kwa hofu.

Bi Karunguyeye akauinamia mkeka. Akaita polepole: "Mwanamize."

"Labeka, dada."

"Dada yangu! Nishonoe? Nipasue tumbo, utoke?"

Ile sauti ikasema, kwa upole, kama mtu aliye chumba cha pili: "Usinishonolee, dada. Mimi nimekwisha kufika. Mama bado. Shona."

Machozi yakamtoka. Akashona. Chwi! Krrr! Akakata uzi kwa meno. Wakaubeba mkeka, wazito wa moyo, wakaufukia mbali, wakawaombea dua wale waliokuwamo, isipokuwa mmoja.

Bi Karunguyeye akarudi nyumbani. Mama yake akafumbua macho.

"Zamu ya nani leo, mwanangu?"

"Yangu, mama."

"Basi ufunge mlango. Na huyo mwenzio anayelia nje, mwambie aingie."

Nje hapakuwa na mtu. Bi Karunguyeye akafungua mlango, akaungoja upepo mdogo uingie, kama mtu amngojaye dada yake, kisha akafunga mlango.

Na fundisho la ngano hii ni hili: ukiambiwa ulale upimwe, lala, usiulize maswali. Na wanawake wa chama msiwaogope kamwe; ni watu wapole, hata sisimizi hawamkanyagi.

Ngano imeishiwa pumzi. Iliyo tamu mwende nayo makwenu. Chungu niachieni mimi, nimeizoea. Aliye na watu wake waliotangulia, na awaombee rehema.