Nafasi Kando ya Mama

Hapo zamani, wala si zamani za mbali, maana mimi mwenyewe niliwahi kupanda chombo chao nikatapika, paliishi familia moja kisiwani, katikati ya Ziwa Viktoria. Baba aliitwa Masatu. Mkewe tulimwita Mama Nyangeta, kwa jina la binti yake wa kwanza. Baada ya Nyangeta alikuja Bwire, mvulana, na baada ya Bwire kitindamimba, Tabitha. Basi kaeni vizuri. Na wewe acha kutafuna hayo mahindi, unanipotezea maneno.

Masatu alipenda mitumbwi midogo ya tanga kuliko chakula. Wa kwanza aliuandika ubavuni "Tutaona". Ulipooza akaunda wa pili, akauandika "Tumeona". Alipotaka kuunda wa tatu mkewe alimwambia umri umekwenda, apumzike. Akaunda vilevile, akauandika "Basi". Watu wa mwaloni, pale mitumbwi inapoegeshwa, walicheka mpaka wakakaa chini.

Lakini mitumbwi yote mitatu ilikuwa na ubao mmoja wa kukalia. Ndiyo, uleule. Juu ya ubao huo Mama Nyangeta aliletwa bi harusi. Kila mtumbwi ulipozeeka, Masatu aliung'oa ubao ule akaupachika kwenye mtumbwi mpya, ndipo alipokubali kuushusha majini. Ulitosha watu wawili tu, Mama na mtu mmoja kando yake. Wengine walikaa chini, miguu ndani ya maji yaliyovuja.

Kwa hiyo nafasi ile iligombewa, jamani! Kila Jumapili walivuka kwenda kanisani ng'ambo. Masatu alishika kafi nyuma, akauliza swali lake: "Nani kastahili leo?" Nyangeta alitaja alichofanya wiki ile, Bwire akataja chake, na baba yao akasikiliza kama hakimu. Aliyechaguliwa alikaa juu, Mama akamfunika kwa pindo la kanga, na safari ikaanza kwa nyimbo. Mpaka leo ukiwauliza raha ya utoto wao, watakutajia pindo hilo la kanga.

Tabitha hakuwemo. Aliogopa maji tangu anatambaa, akawa anaachwa kwa bibi yake. Alipanda juu ya jiwe akapunga kitambaa mpaka tanga lipotee, na wakati wa kurudi walimkuta amesimama palepale.

Sasa sikilizeni walichofanya, wala msikimbilie kuamua.

Siku moja upepo uliwachania tanga katikati ya ziwa, maji yakaingia. Nyangeta, msichana wa miaka kumi na mitatu, aliyakumba kwa kopo toka asubuhi hadi adhuhuri. Kucha mbili ziling'oka, akazidi kukumba, na mtumbwi ukafika. Baadaye aliolewa Musoma mjini, akakaa miaka ishirini bila kupanda chombo. Lakini wanawe, ambao hawajui hata kushika kafi, wanakutajia mitumbwi yote mitatu kwa majina.

Bwire hakuondoka. Aliziba nyufa, alishona tanga, alizeeka na ule mtumbwi. Masika moja Masatu akafariki ghafla. Ziwa lilichafuka siku tatu, hapavukiki, na kisiwani hapakuwa na mbao za jeneza. Bwire akachukua nyundo na tindo, akauvunja "Basi" kipande kwa kipande, akamuundia baba yake jeneza. Alipigilia misumari huku analia. Ubao wa kukalia hakuugusa, aliuegemeza ukutani.

Wapishi wa msibani waliuona pale ukutani wakadhani ni kuni. Wakausukuma chini ya sufuria la ugali. Tabitha alipoutambua hakutafuta koleo wala maji. Aliingiza mikono motoni akautoa. Ncha moja ya ubao imeungua, na vidole vyake viwili havikunjiki tena.

Msiba ulipokwisha, Nyangeta naye akiwa amevuka kutoka Musoma, ilionekana wazi kwamba Mama Nyangeta hawezi kuishi peke yake. Magoti yalikuwa yamekataa. Kila mtoto alimtaka. Mama akawaambia: "Ubao huu siachani nao. Atakayeuchukua, ananichukua na mimi."

Nyangeta akasema, "Mama, bila kucha zangu ubao huu ungekuwa chini ya ziwa, nasi sote pamoja nao. Wanangu wamekulia kwenye hadithi zake. Niache niwaonyeshe ubao wenyewe, na wewe."

Bwire akasema, "Mimi nilivunja nilichokipenda ili Baba alale ndani yake. Nipeni ubao, niunde mtumbwi wa nne. Mama, ukae majini tena, siyo kwenye hadithi."

Tabitha aliangalia mikono yake. Nyumba yake iko juu mlimani, ziwa halionekani. Akasema, "Nyinyi mlikuwa mnagombea zamu. Mimi sijawahi kukaa hapo hata mara moja. Baba hakuwahi kuniuliza."

Lo! Hapo hata mimi niliyekuwa nimeshika kikombe cha chai nilikiweka chini.

Mama aliagiza mawe mawili. Akaulaza ubao juu yake pale uani, akakaa upande mmoja, ule ulioungua, akaacha nafasi ya mtu mmoja. Kisha akanyanyua pindo la kanga, vilevile kama zamani, na akauliza:

"Nani kastahili leo?"

Wote watatu walisimama. Hakuna aliyepiga hatua. Walikuwa wanatazama nyuma ya Mama, mahali ambapo Baba angekuwa ameshika kafi, wakingoja achague.

Haya, nyinyi mnaojua kusema. Mkono wa Mama bado umenyanyua kanga. Je, nani alistahili kukaa kando yake?